Mkono wa Kushoto wa Njuguna

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye mazishi pale Matulo, na nyinyi vijana wa kinanda cha umeme nusura mnifanye nirushe bakora. Aliyezikwa alikuwa mama wa watoto wadogo. Kwaya inaimba kwamba ameondoka na hatutamwona tena, na wewe uliyevaa kofia umebonyeza kile kidude cha ngoma, vidole vinarukaruka kama tuko kwenye harusi ya chifu. Mume wake alikuwa ameketi mbele yako kabisa. Hukumwona, maana ulikuwa unaangalia taa za kinanda.

Mwalimu wenu wa kwaya ameniomba niwaandikie kuhusu kazi niliyofanya kabla vidole havijakakamaa. Nimekubali, ila msitegemee nianze na siku niliyozaliwa. Mimi ni Nathani Wekesa. Sasa naishi Naitiri, lakini zamani nilipiga besi, ile kubwa ya nyuzi ya kusimama, katika bendi ya hoteli ya Wazungu mjini Kitale. Ilikuwa baada ya vita vya Hitler, mpaka hali ya hatari ilipotukuta. Tulipiga nyimbo za dansi kutoka Amerika, za jazi, zile ambazo mkizisikia redioni mnazima na kusema ni za wazee. Zimeni tu. Lakini watu waliozitunga walijua jambo ambalo nyinyi hamlijui, na mimi nilifundishwa jambo hilo na mtu mmoja aliyeitwa Njuguna. Siwezi kueleza somo bila kumweleza yeye, na kila nikimkumbuka moyo unaniuma, kwa hiyo mnivumilie.

Kitale nilikwenda kama seremala. Hoteli ile ilikuwa na besi iliyopasuka tumbo, imeegemezwa stoo pamoja na viti vibovu, na meneja, Mzungu mfupi mwenye miwani, akaniuliza kama naweza kuiponya. Nilichemsha gundi ya ngozi, nikaibana besi kwa kamba na vipande vya mbao, nikaiacha kivulini mpaka ikashikana. Mpiga piano akaja kuijaribu. Alivuta waya mmoja, akatega sikio, kisha akanitazama mimi badala ya besi.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Bungoma."

"Kanisani unaimba sauti gani?"

"Besi."

"Basi hii pia ni besi. Kesho kuja hapa saa nane. Nyundo wacha nyumbani."

Huyo ndiye Njuguna. Wazazi wake walitoka kule upande wa Mlima Kenya wakaja kufanya kazi kwenye shamba la setla wa Kizungu karibu na Cherangani, na yeye akazaliwa hapo hapo shambani. Mama yake alikuwa yaya. Bibi mwenye shamba alipenda kucheza dansi, na kwa kuwa mtu hawezi kucheza na kupiga piano kwa wakati mmoja, alimfundisha mtoto wa yaya ampigie. Hiyo ndiyo shule aliyosoma Njuguna. Nilipomjua alikuwa mtu mzima anayekaa lokesheni, mtaa wa Waafrika, na mke wake Nyambura, aliyeshona nguo kwa cherehani barazani kwa Mhindi, na watoto wao wawili, Kimani na Wambui. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona hiyo nchi ya wazee wao.

Sasa somo. Njuguna alikuwa na sheria moja ambayo wenzetu wa bendi waliichukia: wimbo haupigwi mpaka kila mtu ameusema. Alichukua maneno kwenye santuri au kwenye karatasi za muziki zilizojaa ndani ya kile kiti cha piano, akayageuza kwa Kiswahili, halafu tukayasema mmoja mmoja kwa mdomo mkavu, bila tuni, kama mtu anayetoa habari barazani. Mpiga ngoma alinuna. Ati yeye anapiga ngoma, maneno ni ya nini? Njuguna alikaa tu na mikono mapajani mpaka mpiga ngoma akasema maneno yake.

Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa wa mwanamume aliyeachwa na mwanamke. Anamwambia kwamba hana neno, nenda salama, mimi nimeshasahau, hata sura yako sasa inanipotea. Nilipoyasikia maneno hayo nikafurahi. Nikasema huyu ni mwanamume kweli kweli. Nikasimama na besi yangu nikaipiga kwa nguvu: do, so, do, so, kifua mbele.

Njuguna akainua mikono juu ya piano. "Wekesa, bana. Unachimba choo?"

"Si amesema hana neno?"

"Amesema. Na wewe umeamini?"

"Kwa nini nisiamini?"

"Mtu amesahau mwanamke, halafu anaenda kutafuta bendi imsaidie kuimba ati amesahau?"

Kusema kweli, nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mwimbaji anaweza kuwa mwongo.

"Piga do," akaniambia. Nikapiga. Juu yake akaweka mshiko wa do, mi na so. Mshiko ni zile sauti tatu au nne zinazoshuka pamoja chini ya mkono mmoja. Ulisikika mweupe, mtulivu, kama Jumapili asubuhi. "Sasa mimi sisongi. Vidole vyangu viangalie. Wewe peke yako, piga la."

Nikashuka nikapiga la. Vidole vyake havikusogea hata nywele moja, do, mi na so zilikuwa pale pale, lakini wimbo ukavaa nguo za matanga. Nikarudi do, mtu akapona. Nikashuka la, mtu akafiwa.

"Umeona kazi yako?" akasema. "Mimi nikiwa hapa juu naweza kucheka mpaka meno yaanguke. Ni wewe unaamua kama nacheka kweli."

Kijana mwenye kofia, hapo ndipo nataka uweke alama. Yule anayepiga chini kabisa ndiye anayeyapa maneno maana. Mwimbaji akisema "sina neno" na chini yake kuna do, hana neno. Akisema "sina neno" na chini yake kuna la, ana neno, na wote ukumbini wanajua isipokuwa yeye. Nyimbo zile za Amerika zilitengenezwa hivyo kwa makusudi. Mtunzi anamwachia mwimbaji aringe, halafu anaupa mkono wa kushoto ukweli wote.

Kuna jambo la pili, nalo ni fa. Mnaijua fa, ni fa, la na do, mshiko mpana, kanisani mnaukimbilia kila mnapotaka watu wainue mikono. Chukua ile la ya katikati uishushe nusu tu. Kwenye piano kidole kimoja kinaondoka kwenye kibao cheupe kinaingia kwenye cheusi kilicho jirani, vingine vinabaki. Njuguna aliuita ule wa kwanza fa ya kucheka na huu wa pili fa ya kulia. Katika wimbo wetu ulikaa chini ya neno "nimeshasahau". Fa ya kucheka kwanza, ili mtu ajidanganye, halafu kile kidole kinashuka, fa ya kulia, halafu mnarudi do polepole kama mtu anayefuta uso asionekane.

Lakini msiende kuumwaga kila mahali sasa. Niliujua nikaupenda, nikawa namwomba Njuguna auweke kila mstari. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu anayelia kwenye kila matanga, ya jirani na ya wasiojulikana. Nikasema ninaye mmoja kijijini. "Na watu wanamfanya nini?" Nikasema wanamkwepa. "Basi," akasema. Uweke mara moja, chini ya neno linalodanganya, uache watu wautafute.

Baba yangu alipofariki, Njuguna alikuja nami kwetu upande wa Bungoma. Alibeba kodiani yake mgongoni kama mtoto. Wazee wetu hawakumjua, na kwa miaka ile mtu wa jamii yake kuja matanga ya Wabukusu na kodiani lilikuwa jambo la kutazamwa kwa jicho la pembeni. Akakaa chini, akala alichopewa, akasikiliza wanawake wakilia. Mchana wa siku ya pili akaomba ruhusa apige kidogo. Nikaogopa, kwa sababu nilimjua, na kweli alipiga ule ule wimbo wa hoteli. Hakuimba neno lolote. Alipiga tu, taratibu, na fa yake ya kulia mahali pake.

Senge yangu Nekesa, dada yake marehemu, aliacha kulia akasikiliza. Alikuwa mama mkali, hata padri alimwogopa.

"Wimbo huu ni wa kabila gani?" akauliza.

"Ni wa mbali, mama," Njuguna akajibu. "Amerika."

"Aliyeutunga alifiwa na nani?"

Njuguna akanitazama. Nikatazama chini, maana niliyajua maneno, nguo nzuri, mwanamke wa dansi, na upuuzi wote ule. "Hakufiwa, mama. Aliachwa na mwanamke."

"Si ni kitu kimoja," senge akasema. "Wewe mutoto, rudia."

Akarudia mpaka mikono ikamchoka. Tangu siku hiyo kwetu walimwita mtoto wa Nekesa, na mimi nikawa na ndugu ambaye sikuzaliwa naye.

Halafu serikali ya wakoloni ikatangaza hali ya hatari. Sitawasimulia vita vya msituni, sikuviona. Nilichokiona Kitale ni watu wa jamii ya Njuguna wakiondolewa kwenye mashamba, wazee kwa watoto, wakipakiwa kwenye malori mpaka stesheni na kuingizwa kwenye treni. Serikali ilisema wanarudishwa kwao. Kwao wapi? Wengine meno yao ya utoto yaliotea na kung'oka hapo hapo wilayani Trans-Nzoia. Tulisikia kwamba huko wanakopelekwa hakuna shamba wala nyumba, na kwamba wanaume wanatengwa njiani na kupelekwa kambini. Shamba moja linahamishwa leo, lingine kesho. Lokesheni ilikuwa bado haijaguswa, na kila mtu alijua itaguswa.

Nyambura alifunga sufuria, blanketi na nguo za watoto ndani ya gunia, akaliweka nyuma ya mlango. Kila asubuhi alilifungua ili atoe sufuria apike uji, na watoto wakishakunywa aliiosha sufuria akalifunga gunia tena. Nilipokwenda kuwasalimia nilikuwa nalitazama lile gunia kuliko nilivyowatazama wenyewe.

Njuguna alimwendea meneja. Huyu meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, na bila mpiga piano hoteli yake ilikuwa imekufa. Akasema kwamba afisa anayesimamia uhamisho huja pale Jumamosi kwenye chai na dansi ya mchana, na anapenda sana muziki. Wampe mchana mzuri. Akifurahi, yeye meneja atamwomba amwache Njuguna na mkewe na watoto. Alikuwa na sharti moja tu: nyimbo za furaha peke yake. "Hakuna nyimbo za kulia," alisema. "Watu wamechoka na mambo haya. Hata mimi nimechoka."

Jumamosi yenyewe tukakutana mapema kufanya mazoezi. Njuguna alikuwa amevaa shati jeupe ambalo Nyambura alikuwa amelipiga pasi mpaka likang'aa. Akaanza wimbo, ule ule wa "sina neno", na alipofika "nimeshasahau" akaweka fa ya kucheka na kubaki nayo. Kile kidole hakikushuka. Nikadhani amekosea.

"Umeruka," nikamwambia.

"Sijaruka. Na wewe pale mwisho toa la. Weka do tu. Kila mahali do."

"Baba Kimani, si wewe ulisema sisi wa chini hatudanganyi?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa niko na watoto," akasema. "Piga do, Wekesa."

Nikapiga do. Tukapitia nyimbo zote tukizing'oa ukweli mmoja mmoja kama mtu anayenyonyoa kuku. Zilibaki nyepesi, tamu, hazina kitu. Mpiga saksafoni alikuwa anacheka tu, akaniambia tumekuwa bendi ya watoto wa chekechea, lakini alipoona uso wa Njuguna akaacha. Nilichukia sana mchana ule. Ila ningekuwa mimi ningefanya vile vile, na nyinyi pia.

Wageni wakaja, ukumbi ukajaa. Wanawake walikuwa na glovu, chai ilikuwa na keki, na milango ya veranda ilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Afisa alikuwa mtu mrefu mwenye shingo iliyochomwa na jua, akakaa meza iliyo karibu na mlango wa veranda. Besi husimama nyuma, kwa hiyo meza yake ilikuwa karibu nami kuliko ilivyokuwa karibu na piano. Tukapiga. Watu wakacheza. Meneja alizunguka na sahani za keki akitabasamu kama bwana harusi, na kila akipita karibu nasi alitikisa kichwa kwamba ni sawa, endeleeni.

Kisha afisa akaomba wimbo, na akauomba ule ule.

Njuguna akaupiga kama tulivyokubaliana, do tupu, furaha tupu. Wanaocheza walicheza. Afisa hakucheza. Alikunja uso, akainuka na kikombe mkononi, akaenda mpaka kwenye piano akaegemea. Wimbo ulipokwisha akasema, bila hasira yoyote, "Siyo hivyo. Pale anaposema amesahau, muziki huwa unashuka. Kwa nini umepaondoa? Pale ndipo wimbo ulipo."

Kiingereza nilikuwa nimeshakijua, nilifundishwa na nyimbo zenyewe. Nilimwona Njuguna akimtafuta meneja kwa macho. Meneja alikuwa amevua miwani yake, anaifuta, na alipoona anatazamwa akageukia ukutani. Njuguna akatazama vibao. Halafu akanitazama mimi, akanionyesha kidole kimoja kuelekea chini. Maana yake niweke la.

Tukaupiga wimbo kama ulivyo. Sijawahi kusikia piano ikipigwa vile, na sijasikia tena. Alipofika "nimeshasahau" alikaa kwenye fa ya kucheka kitambo kirefu mpaka nikadhani ameganda, ndipo kidole kikashuka kwenye kibao cheusi, na nikasikia mwanamke mmoja kwenye sakafu ya dansi akivuta pumzi. Watu waliacha kucheza. Nilikuwa nalia, sioni haya kuwaambia. Nilimlilia Njuguna na gunia lililokuwa nyuma ya mlango. Yule afisa naye macho yalikuwa yamemlowa. Alimwambia Njuguna ahsante kwa sauti ndogo, akarudi mezani kwake akakaa.

Nikajisemea, tumepona. Mtu anayesikia hivi hawezi kuwapakia watoto kwenye treni.

Meneja naye alifikiri hivyo, maana alimfuata moja kwa moja. Nilikuwa nimeshika besi, nikasikia kila kitu. Meneja akaomba kwa ajili ya mpiga piano na familia yake. Afisa akachanganya chai yake. "Amri niliitoa asubuhi," akasema. "Malori yako njiani kwenda lokesheni sasa hivi."

"Hata huyu?"

"Wote. Inasikitisha. Ana mkono mzuri sana wa kushoto."

Vijana, wapo watu wanaosema kwamba muziki unalainisha moyo. Mimi nilimwona mtu aliyelainika. Alilia kwa ajili ya mwanamume wa kubuni wa Amerika aliyeachwa na mwanamke wa kubuni, na aliyemliza alikuwa ameketi mbele yake, na huyo hakumwona. Alikuwa ameshamaliza naye kabla hajala chakula cha asubuhi. Fa ya kulia inasema ukweli, lakini haimfungi mtu mikono. Ningependa kuwadanganya kuhusu hilo, ila siwezi.

Nililaza besi sakafuni ili niende kumwambia Njuguna. Sikumfikia. Askari wawili walikuwa wameshaingia kwa mlango wa jikoni wakamshika mikono yote miwili, hapo hapo kwenye kiti cha piano. Hakupigana. Aliponiona nakuja alisema kwa haraka, "Wekesa, ni mimi. Nimeharibu. Alikuwa amefurahi, mimi nikaenda kupiga kilio. Ningeacha do kama meneja alisema."

"Hapana! Sikiza, si wimbo, yeye alikuwa..."

Askari akanisukuma kifuani kwa kitako cha bunduki, nikaanguka juu ya besi yangu, ikapasuka pale pale nilipokuwa nimeiponya. Nilipoinuka lori lilikuwa linatoka uani.

Nikakimbia mpaka stesheni. Walikuwa wengi, mabehewa yamejaa, askari wamejipanga mbele ya reli na hakuna aliyeruhusiwa kusogea. Sikuona uso wake wala wa Nyambura. Nikaanza kupiga kelele, "Njuguna! Alitoa amri asubuhi! Ilikuwa asubuhi!" Watu nisiowajua walinitazama kupitia mianya ya mabehewa, hawakuelewa huyu mwendawazimu anasema nini. Watoto walikuwa wanalia, mama zao walikuwa wanaita majina, na sauti yangu ya besi niliyojivunia kanisani ikapotea ndani ya kelele zile. Niliendelea kupaza sauti hata treni ilipokuwa haionekani.

Hatukujua walipopelekwa. Niliuliza, na kila niliyemuuliza aliniambia nisiulize. Hoteli ikaleta gramafoni kubwa, watu wakacheza kwa santuri, mimi nikarudi kwenye randa na msumeno.

Miaka ya mwisho mwisho ya hamsini, vizuizi vilipolegezwa, watu wakaanza kurudi Trans-Nzoia mmoja mmoja kutafuta kazi. Siku moja nilikuwa sokoni Kitale nauza vigoda na meza nilizotengeneza, nikasikia mtu akisema, "Baba Nanjala." Hakuna aliyekuwa akiniita jina la binti yangu mjini pale. Nikainua macho, nikamwona Nyambura. Alikuwa amekonda, nywele zina mvi, na kando yake alisimama kijana mrefu mwenye mabega ya Njuguna kabisa. Alikuwa Kimani.

Nikawapa mikono yote miwili. Nikauliza habari za Wambui, akasema Wambui alikufa na surua mwaka ule ule waliofika. Sikutaka kuuliza jambo la pili, la Njuguna. Akalisema mwenyewe. Walimleta Njuguna kutoka kambini akiwa mgonjwa, akawekwa pamoja nao katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na akachimba handaki hilo pamoja na wengine mpaka kifua kikamshinda.

"Na muziki?" nikauliza, kama mjinga.

"Hakuimba tena. Hata kanisani alifunga mdomo. Huyu Kimani akipiga mluzi, baba yake anamwambia nyamaza." Akavuta kitambaa chake kichwani. "Alisema ni yeye alitupakia. Ati yule mkubwa alikuwa ametusamehe, alikuwa amefurahi na watu wanacheza, halafu yeye akapiga wimbo vibaya. Mpaka siku ya kufa alisema hivyo. Ati mkono wake ndio ulimuua Wambui."

Nikamwambia. Nilimwambia polepole, nikaanza upya nilipoona hasikii. Kwamba nilisimama karibu na meza. Kwamba meneja aliomba. Kwamba afisa alisema kwa mdomo wake mwenyewe amri ilitoka asubuhi, na hakuna wimbo, wa kucheka wala wa kulia, uliobadilisha chochote.

"Asubuhi gani?" Nyambura akauliza.

"Asubuhi ile ile. Hata hatujaanza mazoezi."

"Asubuhi nilikuwa nampigia shati pasi," akasema. Akakaa juu ya kimoja cha vigoda vyangu, akajifunika uso, na akalia hapo katikati ya soko, watu wakipita. Sikumnyamazisha.

Kimani hakulia. Alikuwa ameshikilia gunia lao la mahindi, ananitazama kama anayehesabu meno yangu.

"Kwa hivyo wimbo haukuwa na makosa," akasema.

"Haukuwa na kosa hata moja. Baba yako aliupiga sawasawa."

Akaliweka gunia chini.

"Na yeye," akaniuliza, "nani atamwambia?"